Sura ya Nane: Mafundo ya Uzi wa Kijani

Kofi la kwanza lilinikuta nimembeba mtoto, kwa hiyo sikuweza hata kujikinga. Nilichoweza ni kugeuka, ili la pili litue mgongoni kwangu na si kichwani kwake.

"Mchawi mkubwa wewe!" alifoka yule mwanamke. "Umemfunga kaka yangu kwa mafundo mangapi? Sema! Mangapi?"

Alikuwa dada mkubwa wa Fundi, yaani shangazi wa mtoto niliyekuwa nimembeba. Mdomo wangu wa chini ulikuwa umepasuka na damu ilikuwa inanidondokea kidevuni. Yeye alisimama katikati ya chumba chetu cha watoto na viatu vyake, juu ya mkeka ambao hata Madamu mwenye kituo hakanyagi na viatu, na mkononi ameshika furushi la nyuzi za sufu za kijani.

Nilizijua zile nyuzi.

Kituo chetu kiko nyuma ya kiwanda cha nguo. Wazazi wanaleta watoto saa kumi na mbili asubuhi, wanakuja kuwachukua saa kumi na mbili jioni. Madamu anataka kila mlezi ajaze karatasi: mtoto kanywa saa ngapi, kalala saa ngapi, kalia kwa nini. Mimi shule niliiachia darasa la nne, mama alipougua. Kuandika naweza, ila mwandiko wangu ni kama kuku aliyekanyaga tope, na nikitazamwa mkono unatetemeka. Kwa hiyo nilijitungia njia yangu. Nina watoto wanne, kila mmoja na rangi yake ya uzi. Uzi una alama za wino, kila alama saa moja. Fundo moja ni maziwa. Mafundo mawili yaliyobanana ni usingizi. Fundo legevu maana yake mtoto alilia, nikamjibu kwa kila ninachojua, na sababu sikuipata.

Wazazi wengine walicheka. Fundi hakucheka. Yeye ni mchomeleaji wa vyuma, mkewe alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua, na mtoto alimleta kwetu akiwa wa mwezi mmoja, kamshika kama mtu aliyeshika sahani ya watu. Jioni ya kwanza nilimpa uzi nikamweleza kwa maneno kumi tu, huku naangalia ukuta. Akauzungushia mkononi akaenda. Wiki ya pili asubuhi akaurudisha, na upande wa pili wa uzi kulikuwa na mafundo mengine, makubwa, mabaya, ya mtu aliyezoea kukunja nondo.

"Huo upande ni wa usiku," alisema, macho kwenye viatu. "Ili ujue umempokea akiwa vipi."

Basi ikawa hivyo kwa miezi minne. Mimi nafunga mchana, yeye anafunga usiku. Asubuhi nausoma, nauweka kwenye mkoba wa mtoto, naanza mpya. Salamu zetu zilikuwa mbili tu, ya asubuhi na ya jioni. Lakini kwa huo uzi nilijua usiku upi homa ilimnyima usingizi, usiku upi baba alilala. Na tangu mwezi uliopita, mwishoni kabisa mwa usiku, baada ya alama ya mwisho, kilianza kutokea kitanzi kidogo. Si maziwa, si usingizi, si kilio. Niliogopa kuuliza. Asubuhi nilikuwa nakitafuta kwanza kabla ya kusoma mengine.

Nilichokuwa sijui ni kwamba anazitunza.

"Nimezikuta juu ya kitanda chake!" shangazi alinitikisia lile furushi usoni. "Zimening'inizwa kwenye msumari kama hirizi! Zaidi ya mia! Wifi yangu hajatimiza mwaka kaburini, na wewe umeshaingiza mafundo yako chumbani mwake?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema, dada, hilo ni maziwa, hilo ni usingizi. Kilichotoka ni damu tu. Pale kituoni wananiita Bubu, na siku hiyo jina lilinikaa.

"Mnaona? Hata kukana hakani!"

Mtoto alianza kulia. Tunamwita Meneja, kwa sababu ana miezi mitano na wote tunapokea amri zake. Hiki kilikuwa kilio cha woga, kile kinachokatikakatika. Nikalaza sikio lake kifuani kwangu nikaanza kumvumia taratibu, mmm, mmm, kama ninavyofanya siku zote, na mwili wake ukaanza kulegea.

"Msikieni anavyomnuizia!" shangazi alipiga kelele. "Mtoto akilia aachwe alie, apanue mapafu! Huyu kamzoesha mikono, hashikiki na mtu mwingine. Ndiyo uchawi wenyewe huo. Nipe mtoto wetu!"

Akamkamata mkono na mguu. Akavuta. Mimi nilikuwa nimemshika kiunoni. Meneja akatoa ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake, wa maumivu, na nikahisi kabega kake kanakaza.

Nikaachia.

Watu wakisimulia habari hii husema nilinyang'anywa. Hapana. Niliachia mwenyewe, kwa sababu kama wote wawili tungeendelea kuvuta, ungevunjika mkono ule ambao kila asubuhi hunishika kidole.

"Na kumbuka," alisema akiwa mlangoni, mtoto kamkumbatia vibaya, kichwa kinayumba, "darasa la saba hukufika, kwenu hakujulikani. Unataka uwe wifi yangu mimi? Utangoja mpaka mbuzi aote manyoya ya kuku."

Madamu alikuwa amesimama pembeni muda wote. "Jina la shangazi limo kwenye fomu," aliniambia. "Ana ruhusa. Mambo ya ukoo ni ya ukoo."

"Mpigie baba yake," nilinong'ona.

Alipiga mara tatu. Fundi hashiki simu akiwa kazini.

"Niende mimi."

"Uende wapi? Watoto wako watatu wanakutazama, na mwenzako kapeleka pacha wake chanjo. Ukitoka kabla hajarudi, usirudi."

Mmoja alikuwa analia njaa. Nikamjibu. Ningefanyaje? Kilio cha mtoto hakijui kwamba una msiba. Nikampa maziwa, nikambadilisha wa pili, nikamlaza wa tatu, na kila nilipoinua mkono nikauona uzi wa kijani wa siku hiyo umezunguka kifundo changu. Maziwa saa moja. Usingizi saa mbili hadi saa tatu. Maziwa karibu na saa nne. Baada ya hapo uzi mtupu. Alama ya saa tano ikapita haina kitu. Ya saa sita haina kitu.

Saa saba kamili mwenzangu, Mama Pacha, aliingia akihema. Akaniona mdomo.

"Nani kakupasua?"

Nilimwambia kwa maneno mawili. Akavua viatu, akajifunga nguo kiunoni.

"Nenda. Mungu alinipa pacha ili nijifunze kubeba. Hawa wote nitawaning'iniza hata masikioni. Nenda, mwanangu!"

Madamu alikuwa getini. Alinyoosha kidole kuonyesha mstari wa geti. Nikauvuka.

*

Sikuwahi kufika karakana ya Fundi. Niliisikia kabla ya kuiona: mashine ya kukata chuma ilikuwa inapiga mayowe na cheche zinaruka hadi barabarani.

"Oya, Bubu wa watoto!" alisema mmoja wa mafundi. "Fundi, mgeni wako! Kaja tumchomelee mdomo, una ufa!"

Wakacheka. Fundi alizima mashine akainua kinyago cha macho. Aliona damu iliyokauka kidevuni kwangu, na tabasamu alilokuwa ameanza kulitoa likafa.

"Nani?"

"Dada yako. Kamchukua Meneja. Kamvuta mkono."

"Lini?"

"Saa nne."

Sijui kilichompata. Alinishika mkono juu ya kiwiko kwa vidole vile vinavyokunja nondo, akanivuta karibu hadi nikasikia harufu ya moshi wa chuma. "Saa nne? Na sasa saa saba imepita! Ulikuwa unangoja nini, upigiwe tarumbeta? Nilikuamini! Wewe peke yako ndiye niliyekuamini!" Kwa mkono wa pili akapindua meza ya kazi. Nyundo na patasi vikamwagika miguuni kwangu, na kipande cha bati kikanikwaruza muundi. "Mwanangu akipatwa na kitu..."

"Fundi," alisema yule aliyekuwa akicheka, sasa hacheki. "Mwachie. Unamvunja."

Aliniachia. Kwenye ngozi yangu zilibaki alama tano za masizi. Niliogopa, ndiyo. Lakini nilichosema kilinishangaza mimi mwenyewe.

"Utanipiga baadaye. Twende."

Akaokota kipande cha nondo akatoka mbio. Nikamfuata.

*

Nyumba ya dada yake ilikuwa mitaa mitatu kutoka pale, mlango wa mbao, dirisha moja la mbele limefungwa pazia. Fundi alipiga mlango kwa kiganja.

"Dada! Fungua!"

"Sifungui!" sauti ilitoka ndani. "Nakuona dirishani, umekuja naye! Nenda kwanza ukafunguliwe hayo mafundo, ndiyo uje uzungumze na mimi!"

"Nataka mwanangu!"

"Mwanao amelala. Kwa mara ya kwanza amelala kama mtoto wa watu, bila kuvumiwavumiwa. Ukigonga tena utamwamsha."

Fundi alishusha pumzi. Nikaona mabega yake yanalegea. "Amelala," aliniambia, kama anayeomba niseme ndiyo.

Mimi nilikuwa nimeweka sikio kwenye mbao. Fundi alikuwa amepiga kelele, amegonga mlango kama ngoma, na ndani ya nyumba hapakuwa hata na mguno. Meneja huamka kijiko kikianguka. Na saa saba na nusu ni saa yake ya njaa, hata angekuwa kalala vipi, hajawahi kuivuka.

"Kimya hiki si chake," nilisema.

"Nini?"

"Huyu halali saa hizi. Vunja mlango."

"Una hakika?"

"Vunja mlango, Fundi!"

Sikujua kwamba nina sauti ile. Jirani mmoja alitoka nje na sufuria mkononi. Fundi akachomeka nondo kwenye ubavu wa kitasa, akasukuma kwa uzito wake wote. Mbao ikalia. Mara ya pili kitasa kikaruka na mlango ukapiga ukuta.

Hatukujua kwamba ndani kulikuwa na mume wa dada. Yeye ni dereva wa malori, alikuwa ameingia alfajiri kutoka safari na alikuwa amelala usingizi wa pono. Aliyeamshwa na mlango kuvunjwa haulizi hodi ni ya nani. Alitoka chumbani na kaptura tu, ana spana ya magurudumu, na kabla hajaona uso wa shemeji yake alikuwa ameshaishusha. Ilimpata Fundi juu ya sikio. Nilisikia mlio wake, mkavu, kama kuni. Damu ikamfunika jicho.

"Ni mimi, shemeji!"

"Wezi! Wezi wameingia!"

Ya pili Fundi aliikinga kwa nondo, chuma kwa chuma, na akarudisha kwa upofu. Nondo ilimpata dereva mkononi, karibu na kiganja. Mfupa ulisikika. Mtu mzima, kifua kama pipa, akapiga magoti analia "mama yangu!" kisha akamrukia Fundi miguuni na wote wawili wakaanguka juu ya kiti, kiti kikavunjika, wakabiringika ukutani, wanapigana ngumi na vichwa. Sakafu ilikuwa inateleza kwa damu na mmoja wao alikuwa anamng'ata mwenzake bega.

Mimi nilipita kando ya ukuta nikaelekea chumbani.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, mikono kaitandaza. "Hupiti, mchawi! Juu ya maiti yangu!" Akanikamata nywele akanipigiza kichwa kwenye fremu ya mlango. Nikaona nyota. Akanipigiza tena.

Mimi ni mtu ninayeomba radhi hata kwa meza nikiigonga. Sijawahi kupigana na mtu tangu nizaliwe. Lakini nyuma ya bega lake, kitandani, nilikuwa nauona mguu mmoja mdogo, na mguu ule haukuwa unarusha teke. Nikaukamata mkono wake kwa meno. Niliuma mpaka nikasikia chumvi, mpaka akaachia nywele, na alipoinama nikampa kofi ambalo lilikuwa lake tangu saa nne. Akaanguka upande.

Meneja alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Nilimwita. Nilimwinua, shingo ikaanguka nyuma kama ya kuku aliyechinjwa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Niliweka shavu langu puani kwake nikasubiri, nikasubiri, na pumzi ikaja, ndogo, kisha nikasubiri tena. Juu ya meza ya kitanda kulikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi ya watu wazima, imefunguliwa, na kifuniko chake kina tope la dawa.

"Umempa ngapi?" niliuliza.

Shangazi alikuwa sakafuni, kashika mkono uliong'atwa. "Kifuniko kimoja," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Akatapika. Nikampa kingine."

Nikaichukua chupa. Nikamfungua mtoto nguo, nikamsugua nyayo kwa nguvu, nikaruka watu wawili waliokuwa wanauana sebuleni na kupiga ukelele mmoja tu: "Hapumui vizuri!"

Ngumi zikasimama hewani. Wote wawili. Mimi nilikuwa tayari barabarani, nakimbia, namvumia mtoto sikioni mmm, mmm, usilale, Meneja, toa amri, mmm.

*

Zahanati ilikuwa na chumba kimoja cha dharura na muuguzi mmoja mfupi, mwenye sauti kavu. Alimpokea, akamwekea hewa kwa kijibomba, akaitazama chupa.

"Alinyonya mwisho saa ngapi? Alilala saa ngapi? Amekuwa hivi kwa muda gani?"

Wakati huo Fundi alikuwa ameingia, shati lote jekundu. Nyuma yake dada yake na mumewe, mkono umening'inia. Wote walijibu kwa pamoja.

"Amelala saa sita..."

"Si kweli, alikuwa analia saa sita, mimi nilisikia usingizini..."

"Huyu ndiye kamfanya! Mkague mwilini ana mafundo!"

"Nyamazeni!" muuguzi alisema. "Nani anayejua?"

Nilinyoosha mkono wangu kama darasani. Vidole vya masizi vilikuwa bado vimechorwa juu ya kiwiko. Kwenye kifundo kulikuwa na uzi.

"Maziwa saa moja," nilisema, nikigusa fundo. Nilisema kwa nguvu, mbele ya watu wazima wanne, na sauti haikukatika. "Amelala saa mbili hadi saa tatu, usingizi wote wa asubuhi, aliumaliza. Amekunywa tena karibu na saa nne, nusu chupa tu. Baada ya hapo sikuwa naye."

"Kwa hiyo amekunywa dawa tumbo likiwa tupu, na huu si usingizi wake," muuguzi alisema, akigeukia kitanda. "Vizuri. Hilo ndilo nililotaka."

Alifanya kazi muda mrefu. Alimshona Fundi juu ya sikio, nyuzi sita, bila kuondoa jicho kwa mtoto. Alimfunga dereva mbao mkononi. Walikaa benchi moja, mashemeji wawili waliotoka kuvunjana mifupa, wanapeana kopo moja la maji.

"Ulinipiga vizuri," dereva alisema.

"Wewe ulianza."

"Ningejuaje? Mgeni gani anayebisha hodi kwa nondo?"

Hakuna aliyecheka. Shangazi alikuwa amekaa peke yake, lile furushi la nyuzi mapajani. Baada ya muda alianza kuzungumza na sakafu.

"Nilimwimbia. Nikamrusha juu. Nikampa uji akautema. Saa mbili nzima analia, ananitazama kama sijazaliwa. Mimi ndiye niliyemwosha mama yake maiti. Mimi! Na mtoto wake hataki hata nimguse." Alifuta pua kwa kitambaa alichofungia jeraha la meno yangu. "Nilitaka anyamaze tu. Nilitaka anyamaze kwangu."

Nilimhurumia, na bado nilikuwa namchukia. Vyote viwili vilinikaa kifuani.

"Lete," nilisema. Nikachukua uzi mmoja. "Hili ni maziwa. Haya mawili ni usingizi. Hili legevu ni kulia nisikokuelewa. Siku hii alikuwa anaota jino, nilikuwa sijajua."

Alitazama. "Na huku?" Akageuza upande wa pili. "Haya makubwa makubwa?"

"Hayo ni ya usiku. Si yangu."

"Ya nani?"

"Yangu, dada," Fundi alisema kutoka kwenye benchi. "Nimefunga mimi. Kila usiku."

"Wewe?" Alimkodolea macho. "Wewe umekaa unafunga sufu?"

"Mimi."

Shangazi aliupitisha uzi vidoleni taratibu, fundo kwa fundo, kama anayesoma barua iliyoandikwa kwa mtu mwingine. Akafika mwisho. "Hiki kitanzi je? Kiko kwenye huu, na huu, na huu. Mtoto alikuwa anafanya nini hapa?"

Fundi aliinamisha kichwa. Masikio yake, hata lile lililoshonwa, yalikuwa mekundu. Dereva alitazama dari. Muuguzi, aliyekuwa ametupa mgongo, aligeuka.

"Baba, jibu. Hata mimi nasubiri."

"Hicho si cha mtoto," alisema.

*

Karibu na saa kumi na moja jioni Meneja alikunja uso. Akafungua jicho moja. Kisha akafungua mdomo, na zahanati yote ikajua kwamba bosi ameamka.

"Anasemaje?" Fundi aliniuliza, ameruka kutoka kwenye benchi.

"Njaa. Na hasira. Mwangalie usoni kwanza, mjibu, halafu umpe chupa. Si mimi. Wewe."

Akamshika. Hakumshika tena kama sahani ya watu. Alimtazama, akamvumia kwa sauti mbaya, nzito, ya nje ya wimbo, akilia waziwazi. Mtoto akanyonya. Shangazi alisimama mbali, mlangoni. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemfukuza. Baadaye aliondoka na mumewe bila kuaga, lakini zile nyuzi aliziacha kwenye benchi, zimepangwa.

Mtoto alipolala, usingizi wake mwenyewe safari hii, ngumi imefungwa, Fundi alikaa kando yangu.

"Madamu alisema nikitoka nisirudi," nilimwambia. "Sina kazi."

"Nimesikia." Akanigeukia. "Nisamehe kwa maneno ya karakana."

"Maneno si kitu." Nilivuta mkono wa gauni juu. Masizi yalikuwa yamefutika, chini yake alama zimeanza kuwa za zambarau. Tano. "Na haya?"

Alizitazama. Hakusema kwamba alikuwa na hasira. Hakusema kwamba ni kwa ajili ya mtoto. Kama angesema mojawapo ningeinuka.

"Mtoto akilia namjibu," nilisema. Siku hiyo nilikuwa nimeshaongea kuliko mwaka mzima, na sikuona sababu ya kuacha. "Hata akinipiga teke, namjibu. Mimi nilikuja kwako nikiwa na damu mdomoni, nikiwa nimepoteza kazi, nikasema, na wewe jibu lako lilikuwa hili. Hata mara moja tena, Fundi. Hata ukiwa na hasira gani. Mara moja tu, na hutaniona wala kwa kitanzi wala kwa kamba."

"Sitarudia."

"Wanaume wote husema."

"Basi usiniamini leo," alisema polepole. "Nisome. Kila siku unisome, kama unavyomsoma huyu. Ukikuta fundo baya, ondoka."

Nje watu walikuwa wanatoka kazini. Fundi alinishika kifundo cha mkono, kwa ncha za vidole viwili tu, akasubiri kuona kama nitauvuta. Sikuuvuta. Akaufungua uzi wa kijani wa siku hiyo. Kwa vidole vyake vinene vilivyopasuka kwa ngumi, alifunga fundo moja kwenye alama ya saa kumi na moja: maziwa. Akafunga mawili yaliyobanana: usingizi. Saa zote za katikati, tangu saa nne, aliziacha tupu, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwepo kuzijibu.

Kisha, ingawa usiku haukuwa umeingia, mwishoni kabisa akakunja kitanzi kidogo. Akauweka uzi kwenye kiganja changu akaenda kukaa upande wa pili wa kitanda cha mtoto, mbali nami, mikono magotini.

Kitanzi si fundo. Ukivuta ncha moja tu, kinafunguka, kama hakikuwahi kuwepo. Niliishika ile ncha muda mrefu.

Sikuivuta.